Mwongozo kamili: Kutafuta bonge la damu mguuni kwa altrasaundi baada ya upasuaji

Nimewaandikia wenzangu wa vyumba vya altrasaundi na madaktari vijana wa wodi za upasuaji hapa Dar es Salaam, kwa sababu kosa linalojirudia ni lilelile. Naletewa picha ya mguu yenye rangi ya kupendeza, nyekundu na bluu, na chini yake pameandikwa “hakuna DVT”, yaani hakuna bonge la damu kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Nikiuliza ulibana wapi, mtu ananyamaza. Alitazama rangi, akaona damu inapita, akaridhika.

Rangi haitoshi kukuonyesha bonge. Kinacholitafuta ni shinikizo la mkono wako. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ikiwa na damu tupu ukiibana inalala kabisa, ukuta wa juu ukagusa wa chini. Yenye bonge inagoma. Ukikumbuka hilo peke yake umeshapata zaidi ya nusu ya kipimo, na hatua zote hapa chini zinakusaidia kubana mahali panapotakiwa bila kuruka.

## Vifaa, kabla mgonjwa hajaitwa

- Mashine ya altrasaundi yenye picha ya kijivu na Dopla, yaani kipimo cha mkondo wa damu. Ndogo ya kubeba inatosha, mradi kioo chake kinaonekana vizuri na betri imejaa. Umeme ukikatika ukiwa katikati ya paja, utalazimika kuanza upya.
- Probu (kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) nyoofu ya MHz 5 hadi 12. Hii ndiyo ya kazi.
- Probu iliyopinda, ile ya tumbo, ya MHz 2 hadi 5. Utaihitaji paja likiwa nene au limevimba sana.
- Jeli ya kutosha, pamoja na pakiti ya jeli tasa ikiwa kidonda kiko jirani.
- Mfuko wa probu au glovu safi ya kuivika, na dawa ya kuifuta. Soma kijitabu cha mashine kwanza, maana spiriti ikitumiwa ovyo huharibu uso wa probu nyingi.
- Kitanda kinachoinuka upande wa kichwani. Kisipoinuka, tafuta mito miwili mizito.
- Futi ya fundi cherehani.
- Kanga au shuka ya kumsitiri mgonjwa, na mtu wa pili chumbani. Kipimo kinaanzia kinenani. Usikifanye ukiwa peke yako na mgonjwa.

## Nani apimwe, nani asipimwe

Wengi wanadhani kila aliyetoka chumba cha upasuaji apitishwe altrasaundi kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Sivyo. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2012 ulishauri waziwazi kwamba aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa mifupa na hana dalili asipimwe kwa kawaida tu kabla ya kuruhusiwa. Kwa asiye na dalili, mabonge mara nyingi huwa madogo na yako chini ya goti. Kipimo hiki huyakosa mengi, na yale kinayoyaona huweza kumwingiza mgonjwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda wakati kidonda chake bado kibichi. Kinachomlinda ni dawa ya kinga, maji ya kutosha, na kuamka kitandani mapema.

Wa kupimwa ni mwenye dalili. Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, shavu la mguu linauma, ngozi ina joto au imebadilika rangi. Wapo pia wachache ambao daktari atawaombea kipimo hata bila dalili, kwa mfano aliyeumia kichwa na kuvunjika nyonga kwenye ajali, ambaye hawezi kupewa dawa ya kinga kwa hofu ya kuvuja damu. Hao wapime, lakini ripoti yako iseme wazi kwamba mgonjwa hakuwa na dalili, ili anayeisoma ajue kipimo kina uwezo mdogo kwake.

Kabla ya kuwasha mashine, hesabu alama za Wells, zinazokadiria uwezekano wa DVT. Upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12 zilizopita ni alama 1. Kansa inayoendelea, 1. Mguu uliopooza au uliofungwa hogo (plasta ngumu) karibuni, 1. Maumivu ukigusa njia ya vena za ndani, 1. Mguu wote kuvimba, 1. Shavu la mguu kuzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, 1. Uvimbe unaobonyea kwenye mguu huo tu, 1. Vena za juu ya ngozi kuchomoza bila kuwa zile za siku zote, 1. Kuwahi kupata DVT, 1. Ikiwa kuna maelezo mengine yanayofaa sawasawa au zaidi, kama jipu au selulaitisi (maambukizi ya ngozi), toa 2. Ikifika 2 au zaidi, DVT inawezekana sana.

Shavu la mguu lipime kwa futi, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa wa ugoko kilicho chini ya goti. Miguu yote miwili, mahali palepale. Kwa macho utadanganyika.

Mambo mawili yaachwe. La kwanza ni kuukunja wayo kuelekea juu na kumuuliza mgonjwa kama panauma. Ishara hiyo haiaminiki kwa kukubali wala kwa kukataa. La pili ni kukimbilia kipimo cha damu cha D-dimeri, kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda, siku chache baada ya upasuaji. Kidonda chenyewe hukipandisha, hivyo kikiwa juu hakijakuambia kitu.

Onyo. Mgonjwa akihema, akiumwa kifua, akikohoa damu au moyo ukimwenda mbio, usimpeleke korido nzima kufuata altrasaundi. Mwite daktari, mpe oksijeni, mashine imfuate kitandani. Na mguu ukionekana safi, usiseme mapafu ni safi. Bonge huenda limeshaondoka mguuni na kufika mapafuni.

## Hatua ya 1: Soma faili, kisha ongea na mgonjwa

Kwenye faili tafuta mambo manne: upasuaji gani na tarehe gani, mguu gani una dalili, anapata dawa gani ya kuzuia damu kuganda na tangu lini, na kama aliwahi kupata DVT. La mwisho husahaulika sana, kumbe ndilo litakalokuokoa ukikutana na vena yenye kovu la zamani.

Kisha salimia. “Shikamoo mama. Nitaupima mguu kwa kifaa hiki, kuanzia hapa kinenani hadi chini. Nitakuwa nabana na kuachia. Kitabana kidogo, hakichomi. Panapouma sana niambie.” Mgonjwa aliyeelezwa hulegeza misuli, na misuli iliyolegea ndiyo inayokuwezesha kubana. Aliyeshtukizwa hukaza paja, na hapo vena zote zitakudanganya.

Mfunike kanga, fungua mguu mmoja tu kwa wakati.

## Hatua ya 2: Mlaze ili vena zijae

Inua kichwa cha kitanda kama nyuzi 30. Damu ishuke miguuni, vena zivimbe, uzione. Mgonjwa akilala bapa kabisa, hasa aliyefunga kula tangu jana, vena zake huwa kama uzi na utapoteza dakika kumi ukizitafuta.

Mguu uelekezwe nje kidogo na goti likunjwe kidogo, kama mtu aliyejipumzisha.

Onyo. Aliyewekewa nyonga ya bandia usimkunje wala kumzungusha kabla ya kujua alipasuliwa kutokea wapi. Aliyepasuliwa kutokea nyuma hatakiwi kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kuvusha mguu upande wa pili, wala kuuzungushia ndani. Aliyepasuliwa kutokea mbele, hatari yake ni kuunyoosha mguu huku ukiuzungushia nje, yaani kile hasa unachotaka kukifanya. Muulize daktari aliyempasua. Picha isiyokamilika ni afadhali kuliko nyonga iliyochomoka.

Ukifaulu: probu ikigusa kinena, vena inaonekana ya mviringo, iliyojaa, mara nyingi pana kuliko ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, iliyo kando yake.

## Hatua ya 3: Kinena, na hapa usiharakishe

Weka jeli nyingi. Probu ikae kwa kukingama, si kwa kufuata urefu wa mguu, kwenye mkunjo wa kinena. Anza na mkono mwepesi mno. Wengi huanza kwa kuegemea, vena inalala kabla hawajaiona, kisha wanaanza kuitafuta mahali isipokuwepo.

Utaona duara mbili. Iliyo upande wa nje inadunda: hiyo ni ateri. Iliyo upande wa ndani ni vena ya femora ya pamoja, ile vena kubwa ya paja. Ukipotea, mfuate anayedunda. Vena haikai mbali naye.

Sasa bana moja kwa moja kuelekea chini, bila kulaza probu upande. Ongeza nguvu polepole huku ukitazama kuta za vena. Zikigusana kabisa, hapo ni safi. Ikibaki hata mwanya mwembamba, usikubali. Rekebisha pembe, bana tena. Ulipobana vya kutosha ni pale ateri nayo inapoanza kubonyea. Ateri ikibonyea na vena ikagoma kufunga, umepata bonge.

Kwa nini nasisitiza kukingama? Kwa sababu ukibana probu ikiwa imelala kwa urefu, huteleza kidogo pembeni. Vena hutoweka kwenye kioo na wewe hudhani imefunga. Picha za urefu ni za Dopla na za kumwonyesha daktari mkia wa bonge, si za kubana.

Na usingoje kuliona bonge kwa macho. Bonge la siku mbili tatu huweza kuwa jeusi sawa na damu yenyewe. Vena ikaonekana tupu, ya kupendeza, na bado haifungi. Ndiyo maana nasema mkono ndio unaotafuta.

Bana katika sehemu hizi kinenani, moja baada ya nyingine:

1. Juu kabisa ya femora ya pamoja, karibu na kano ya kinena.
2. Mahali safena kubwa inapoingia, kutokea mbele na upande wa ndani. Safena kubwa yenyewe ni ya juu ya ngozi, ila bonge lililo ndani yake umbali usiozidi sentimita 3 kutoka makutano haya hutibiwa kama DVT. Pima umbali huo, uandike.
3. Mahali femora ya pamoja inapogawanyika kuwa femora na femora ya kina. Bana mwanzo wa zote mbili.

Hifadhi picha mbili mbili, kabla ya kubana na baada ya kubana, kioo kikigawanywa kati. Atakayesoma hakuwepo chumbani. Hizo picha ndizo ushahidi wako.

Onyo kubwa. Ukishaliona bonge, acha kulibana. Usimwite mwenzako aje naye ajaribu. Likiwa na mkia unaoelea, uondoe mkono kabisa hapo na umjulishe daktari. Vilevile usikamue shavu la mguu huo.

## Hatua ya 4: Shuka paja, kila sentimita 2

Hapa uvivu ndipo unapoonekana. Mtu anabana kinenani, anabana nyuma ya goti, katikati anapita kwa rangi tu. Zipo njia fupi za dharura zinazobana sehemu hizo mbili peke yake, na zina nafasi yake usiku wa manane wodini. Lakini kwa mgonjwa aliyepasuliwa, ukiwa na mashine na muda, pima paja zima. Makubaliano ya wataalamu wa altrasaundi wa Marekani ya mwaka 2018 yanataka kubana kutoka kinenani hadi kifundo cha mguu, kila sentimita 2, pamoja na Dopla. Mimi huhesabu kwa upana wa kidole: bana, achia, shuka kidole, bana.

Femora wakati mwingine huwa mbili zinazokwenda sambamba. Ukiona moja imefunga, tazama kama kuna ya pili iliyojificha nyuma ya ateri. Bonge huweza kuwa kwenye moja tu.

Theluthi ya chini ya paja vena inaingia kwenye mfereji wa misuli na kuzama ndani. Kubana kwa juu hakufiki. Weka kiganja cha mkono wa pili chini ya paja na ukisukume juu, kielekee kwenye probu. Vena iliyokuwa inagoma italala. Ikibaki imegoma, badili uchukue probu iliyopinda, jaribu tena, ndipo uhukumu.

Lazima niseme neno juu ya jina. Femora ya paja zamani iliitwa femora ya juujuu, na fomu nyingi bado zinaandika SFV. Daktari wa zamu akisoma “bonge kwenye femora ya juujuu” anaweza kudhani ni vena ya ngozi, akamruhusu mgonjwa na dawa ya maumivu. Ni vena ya ndani. Ni DVT. Andika “vena ya femora” basi, na mbele yake uandike “vena ya ndani”.

Penye bandeji au kidonda usilazimishe. Ruka, kisha andika urefu wa sehemu uliyoiruka.

## Hatua ya 5: Nyuma ya goti

Mgonjwa anayeweza, akunje goti zaidi, au alale ubavu akiwa ameupa mguu unaopimwa nafasi ya juu. Aliyewekewa goti la bandia hawezi. Inua kisigino chake kwa taulo lililokunjwa ili nafasi ipatikane nyuma ya goti, kisha ingiza probu kwa upande.

Hapa mpangilio unageuka. Vena ya poplitea iko karibu na probu, ateri iko chini yake. Ni vena laini kupita zote. Uzito wa probu peke yake unaweza kuilaza. Usipoiona, punguza nguvu kwanza kabla ya kusema haipo.

Bana kuanzia juu ya mkunjo hadi inapogawanyika kwenda kwenye matawi ya mguu wa chini. Usiishie kwenye mkunjo. Bonge hupenda kuanzia kwenye matawi na kupanda.

Ukifaulu: una jozi za picha za poplitea ya juu, ya kati, na ya kwenye makutano, zote zimefunga.

## Hatua ya 6: Shavu la mguu

Mafundi hawakubaliani hapa. Wapo wanaoishia gotini na kumrudisha mgonjwa baada ya wiki. Mimi hushuka hadi kifundo, kwa sababu baada ya upasuaji mabonge mengi huanzia kwenye vena za misuli ya shavu la mguu, na kwa sababu mgonjwa wa Chanika au Mbagala si kila mara atarudi.

Tafuta vena za tibia (mfupa wa ugoko) ya nyuma, upande wa ndani, zikiwa mbili na ateri katikati. Kisha za fibula (mfupa mwembamba ulio kando ya tibia), ndani zaidi. Anzia kifundoni, panda. Mwombe mgonjwa aketi na miguu ining’inie ikiwa afya yake inaruhusu. Zitajaa na utaziona. Mwisho, muulize panapouma zaidi, bana hapohapo.

Usipoziona, andika hazikuonekana. Usiandike “kawaida”.

## Hatua ya 7: Dopla, kwa ajili ya pale mkono usipofika

Vena za nyonga, yaani iliaki, ziko ndani ya tumbo. Hakuna mkono unaoweza kuzibana dhidi ya mfupa, na hapo ndipo Dopla inapata kazi yake ya kweli.

Rudi kinenani. Geuza probu ifuate urefu wa vena, weka kipimo cha mawimbi, mwache mgonjwa apumue kawaida. Wimbi zuri linapanda na kushuka pamoja na pumzi. Kisha fanya vivyo hivyo mguu wa pili, hata kama hauna dalili. Kulinganisha ndiyo siri. Upande mmoja ukipumua na mwingine ukitoka bapa, mstari ulionyooka kama barabara, kitu kimeziba juu: bonge kwenye iliaki, au uvimbe, damu iliyokusanyika, au majimaji ya baada ya upasuaji yanayoikandamiza kwa nje.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, siku ya sita, mguu wa kushoto umevimba hadi pajani. Nilibana kinena, nikabana goti, vyote vikafunga. Nikaandika hakuna kitu, sikugusa Dopla kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kesho yake alirudishwa na mguu umekuwa wa zambarau. Bonge lilikuwa kwenye iliaki ya kushoto muda wote, juu ya mahali nilipoanzia. Mawimbi ya vinena vyote viwili yangenipa jibu ndani ya dakika tatu.

Tangu siku hiyo, mama wa uzazi mwenye mguu wa kushoto uliovimba simwachi bila mawimbi ya pande zote mbili. Mguu wa kushoto ndio unaoathirika zaidi kwa wajawazito na waliojifungua, kwani vena ya iliaki ya kushoto inapita chini ya ateri ya iliaki ya kulia na hukandamizwa nayo.

Poplitea nayo ipime mawimbi. Ukikamua shavu la mguu kidogo, mkondo unapaswa kuruka juu mara moja. Narudia: usikamue mguu ambao umeshaona bonge.

## Vinavyodanganya jicho

Tezi ya limfu kinenani. Ni ya mviringo, haifungi, na ina kijiti cheupe katikati. Geuza probu: tezi ina mwanzo na mwisho, vena ni bomba linaloendelea.

Uvimbe wa maji nyuma ya goti. Mweusi, haufungi. Fuatilia kama unaelekea kwenye kiungo badala ya kuungana na vena. Ukipasuka, huvimbisha shavu la mguu na kuiga DVT kikamilifu.

Damu inayotembea polepole. Utaona kama moshi unazunguka ndani ya vena. Bana, moshi hutoweka na vena hufunga.

Bonge la zamani. Kuta nene, vena imesinyaa, ndani mna nyuzi nyeupe, vena ndogo za pembeni zimechipua. Bonge bichi kwa kawaida huivimbisha vena. Tofauti hii huamua kama mgonjwa aanzishiwe dawa au la, na ndiyo sababu nilikutaka uulize historia mapema. Ukishindwa kutofautisha, sema hivyo kwenye ripoti.

Ung’avu wa picha uliopandishwa kupita kiasi. Kila vena itaonekana imejaa kitu. Ushushe hadi ndani ya ateri pawe peusi, kisha tazama vena.

## Hatua ya 8: Ripoti, na mgonjwa kabla hajashuka kitandani

Ripoti itaje kila vena kwa jina: imefunga, haikufunga, au haikuonekana. Mfano wa ripoti inayosaidia:

“Mguu wa kushoto. Femora ya pamoja, femora ya kina (mwanzo) na femora zimefunga kabisa. Poplitea haifungi kwa urefu wa sentimita 6, imetanuka, ndani mna bonge lisiloelea. Tibia ya nyuma haikuonekana kwa sababu ya uvimbe. Mawimbi ya kinenani yanafuata pumzi pande zote mbili. Hitimisho: DVT ya hivi karibuni kwenye poplitea, vena ya ndani.”

Ukikuta bonge, usimkabidhi ndugu karatasi akatafute daktari. Piga simu wodini wewe mwenyewe, taja jina la uliyezungumza naye kwenye ripoti pamoja na saa. Kuanza heparini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ni uamuzi wa daktari pamoja na aliyempasua, kwa kuwa kidonda cha juzi kinaweza kuvuja. Kazi yako ni kuhakikisha uamuzi huo unafanyika leo.

Waeleze ndugu jambo moja kabla hawajaondoka: mguu usichuliwe. Si kwa mafuta ya nazi, si kwa maji ya moto, si na bibi mwenye mikono myepesi kuliko wote mtaani. Kwetu mguu ukivimba jambo la kwanza ni kuchua, na mama aliyejifungua hukandwa. Basi mkandaji aambiwe mguu huo hauguswi. Kuamka na kutembea, daktari akiruhusu na dawa zikishaanza, hakukatazwi.

Ukikuta safi, kipimo bado hakijaisha. Kama uliishia gotini, au kuna sehemu uliyoiruka, au dalili ni kali na alama za Wells ni 2 na kuendelea, mgonjwa arudi baada ya siku 5 hadi 7. Bonge dogo la shavu la mguu ambalo hukuliona leo, likipanda, utalikuta kwenye poplitea siku hiyo. Na akizidi kuvimba kabla ya hapo, asisubiri.

Usimwambie “urudi baada ya wiki”. Toa kalenda, chagua siku pamoja naye, muulize atatoka wapi na atasafirije. Wa Kigamboni mwenye hogo hawezi kubanana kwenye daladala asubuhi. Mpangie saa nne, foleni ikishapungua. Andika tarehe, saa, mguu upi na namba ya simu ya wodi juu ya bahasha ya picha zake, kwa herufi kubwa, na nakala yake ibaki kwenye daftari lako. Siku ikifika na jina lake halijaonekana kufikia mchana, mpigie.